Kisahani cha Mtandao wa Uani

Jumamosi, 2 Agosti

Alhamdulillah! Mjukuu! Wa kike! Mwanangu Samiha kajifungua salama jana huko Maskati. Nimesujudu palepale jikoni, paji la uso likapata unga wa muhogo. Sijali.

Daftari hili kanipa yeye mwenyewe siku alipoolewa. Kasema, mama, ukiingiwa na wasiwasi andika, usinipigie simu kila saa. Basi naandika. Wasiwasi wa leo huu hapa.

Mkwe wangu Mudathir alipiga simu ya video anionyeshe mtoto. Nilikuwa uani nachambua mchele. Nikaona unyayo. Unyayo mmoja, mwekundu, mzuri! Kisha picha ikaganda. Nikakimbilia sebuleni na simu juu kama mwenge. Nilipofika, kashakata.

Ndiyo nyumba yetu. Nyumba ya mawe ya marehemu baba mkwe, hapa Usagara, kuta nene kama za ngome. Ruta ya mtandao imefungwa sebuleni. Ukiwa sebuleni unaona dunia nzima. Vuka ukumbi, toka uani, umebaki na simu ya kutazamia saa.

Isingekuwa neno. Neno ni kwamba Alhamisi mtoto ananyolewa nywele na kupewa jina, na siye huku tutatazama kwa simu. Wanaume watakaa sebuleni kwenye dua na mume wangu, Baba Samiha. Wanawake uani kwenye mikeka, ndivyo ilivyo tangu na tangu. Na mtandao nao umekwenda kukaa na wanaume!

Kisha Saleha kapiga. Saleha ndiye mama yake Mudathir, bibi mwenzangu. Anakaa Raskazone, na kwake mtandao uko kila chumba, hadi chooni. Kasema, mkwe mwenzangu, usihangaike, lete watu wako kwangu. Kwake! Mjukuu wa kwanza wa tumbo la mwanangu nikamtazamie nyumba ya watu, niombe na pa kukaa! Nikamwambia ahsante, waje wote kwangu, uani kwangu mtandao unafika mpaka bandani kwa kuku.

Mungu nisamehe. Haufiki hata kizingitini.

Miaka mitatu sijamshika mwanangu mkono. Alhamisi nataka nimwone, na yeye anione niko kwangu, nimemkusanyia watu. Basi. Sitaki kingine.

Jumapili, 3 Agosti

Nimepata akili. Kama mtandao hauji uani, upelekwe! Baba Samiha alipokwenda kusali adhuhuri nikaichomoa ruta, nikaifunga kanga, nikaihamishia jikoni. Nikachomeka umeme. Taa ikawaka nyekundu. Nikaisomea Fatiha. Nyekundu vilevile.

Baba Samiha karudi na wenzie kutazama mpira. Mpira hakuna. Katafuta chumba hadi chumba, mwisho kaikuta ruta yake imekaa baina ya vitunguu na chupa ya mafuta. Kaniuliza naikaanga au naichemsha. Wenzie wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Akanieleza, mke wangu, mtandao unaingia kwa huu waya unaotoka nguzoni, ruta bila waya ni kopo lenye taa. Sasa mie ningejuaje? Redio si tunahama nayo nyumba nzima na inaimba?

Nashukuru haikuungua. Nashukuru pia hakunigombeza mbele za watu. Alingoja wakaondoka.

Jumatatu, 4 Agosti

Akili ya pili. Kama mtandao umekaa na wanaume, tubadilishane mahali!

Nikampikia Baba Samiha changu wa kupaka. Alipofika kwenye kichwa cha samaki nikaanza. Nikasema uani siku hizi kuna upepo mzuri, na wazee wenzio wana presha, sebuleni joto. Akasema Agosti hii joto liko wapi. Nikasema hata dua uani inasikika vizuri. Akafyonza mfupa. Akauliza, kwa hiyo Shekhe Yasini nimkalishe karibu na choo, kuku wamrukie kilemba, na nyie mpitishe biriani mlango wa barabarani? Nikasema kuku nitawafunga. Akainuka kunawa mikono. Hilo ndilo jibu lake.

Jirani yangu Khadija, huyu kila jambo ana dawa yake. Kasema mtandao unagonga kwenye bati kama mwanga kwenye kioo, tega sinia zinazong'aa uugeuze kona. Tukatoa sinia zote za harusi, tukazipanga toka sebuleni hadi mlango wa uani. Uani hola. Ila vijana wa kijiweni nje ya dirisha wakaita kwa furaha, mama mkubwa, leo mtandao wenu una moto, ahsante! Kumbe paswedi wanayo tangu Ramadhani.

Nikalia kidogo. Kisha nikaenda sebuleni nikampigia Mudathir, nikamweleza ukweli wote isipokuwa wa kuku. Kasema, mama, ungesema tangu Jumamosi, kesho namtuma fundi. Hata hakunicheka. Nina mkwe, jamani. Wengine wana wakwe wa jina tu.

Jumanne, 5 Agosti

Nilitazamia mwanamume. Kaja binti, Yudith, mtoto wa watu wa mashamba ya mkonge huko Muheza, ngazi kabeba mwenyewe. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu. Akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akacheka. Kasema ukuta huu, mama, hata mwizi angerudi kwao.

Nikamwomba anieleze polepole, mie niliishia darasa la nne. Kasema mtandao wa hewani ni kama sauti. Mtu akizungumza sebuleni, nikiwa uani namsikia? Simsikii. Akipiga kelele? Nasikia kelele, maneno siyapati. Basi, kasema, dawa si kupiga kelele. Dawa ni kumweka mtu wa pili huku nyuma, arudie yaleyale, na kati yao upite waya wa kupelekeana maneno. Nikamwambia aa, kama yule anayerudia takbira msikitini ili safu za nyuma zisikie! Kasema kwao Walutheri hayo hayajui sana, lakini ndiyo, mama kapata.

Huyo mtu wa pili ni kisahani cheupe. Jina lake akses pointi. Kakifunga juu kwenye ukuta wa varanda ya uani, pa wazi. Waya mmoja tu toka kwenye ruta, umepita darini, na umeme wake umo humohumo. Jina la mtandao lilelile, paswedi ileile. Ukitoka sebuleni simu yenyewe inamwacha wa kwanza na kumshika wa pili, hakuna haja ya kuiambia.

Taa ya buluu ikawaka. Nikapiga simu nikiwa nimesimama uani. Samiha huyu hapa! Uso umenawiri, mtoto begani. Nikaingia jikoni, yupo. Nikaenda bandani, yupo, kuku wakamsalimia. Machozi yakanitoka, na Yudith akajifanya anakunja waya.

Kaniachia maagizo. Kisifunikwe. Kisihamishwe. Waya usiguswe. Wakiwa wengi kwa pamoja kila mtu anapata kidogo. Na chuma ni adui yake mkubwa. Nimempa mkate wa kumimina wa kwenda nao kwao, kanipa namba yake. Mungu amzidishie yeye na ngazi yake.

Jumatano, 6 Agosti

Saleha kaja, eti kusaidia kuchambua mchele. Mikono kwenye ungo, macho juu ukutani. Kasema, he, ndiyo hicho? Kinavyong'aa! Kizuri kupita vyangu.

Hakusema mashallah.

Nikangoja. Hakusema. Nikakohoa ili akumbuke. Akaniletea maji ya kunywa.

Kaondoka tu, taa ya buluu ikapepesa. Imepepesa! Niliona kwa macho yangu. Nikakifukiza udi. Bado moyo haukutulia. Kesho uani kutakuwa na wanawake tele, kila mmoja kaja na macho yake, halafu na mvuke wa biriani juu. Nikapanda meza, nikachukua sufuria yangu mpya kubwa, nikaigeuza juu yake na kuitundika kwa kamba. Imekimeza chote, hata taa haionekani. Yudith kasema kisifunikwe, najua. Lakini alikuwa anasemea vitambaa. Habari ya jicho la husuda hatukuizungumza.

Nimetulia sasa. Nashukuru kwa akili niliyopewa.

Alhamisi, 7 Agosti

Sijui nianzie wapi. Mikono inanuka zafarani.

Watu walijaa mpaka mikeka ikaazimwa kwa Khadija. Tableti yake pia, nikaiegemeza juu ya kinu kila mtu aone. Saleha kakaa mbele kabisa na dhahabu yake. Saa ikafika. Samiha akatokea! Nikasema, mnamwona mwanangu, mnamwona! Picha ikaganda. Samiha mdomo wazi, Mudathir wembe mkononi, kiduara kinazunguka.

Tukangoja. Kinazunguka. Sebuleni wanaume wanaitikia amin, wao wanaona kila kitu! Baba Samiha akatuma salamu toka huko, eti tumeona nywele zilivyo nyingi?

Hatukuona hata unywele. Minong'ono ikaanza. Saleha akasema kwa upole, ule upole unaochoma, kwamba gari liko nje, kwake si mbali, bado tutawahi. Nikaona mtu anatafuta viatu vyake. Mwanangu ataulizia, mama yuko wapi, naye aambiwe yuko njiani anakwenda nyumba ya watu.

Nikampigia Yudith simu ya kawaida. Kaniuliza, mama, umekifunika? Nikasema hapana mwanangu. Kasema, kweli mama? Nikataka kuapa. Ulimi ukagoma. Siku ya dua ya mjukuu wangu niape uongo kwa ajili ya sufuria? Nikasema, kimefunikwa kidogo. Na nini? Sufuria. Ndogo? Kubwa. Kisha akapiga kelele mpaka Khadija akasikia: mama, umemziba mdomo yule anayerudia! Itoe!

Mie mfupi. Jana nilipanda meza, leo meza ina biriani. Nikapanda kigoda, mkono haufiki. Saleha ndiye mrefu. Akauliza mle ndani nimeficha nini. Basi nikamwambia, mbele ya watu wote: nimekificha na jicho lako, mkwe mwenzangu, jana hukusema mashallah.

Wanawake wote wakamgeukia Saleha. Hata kuku.

Saleha akanitazama. Nikajua ndoa ya mwanangu nimeiharibu kwa mdomo wangu. Akasimama, akaninyang'anya kigoda, akapanda na dhahabu zake zikilia, akaishika ile sufuria na kusema kwa sauti ya kufika sebuleni: Mashallah! Mashallah kidude! Mashallah na sufuria! Furahi sasa! Akaishusha.

Picha ikarudi papo hapo! Mtoto kalala, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado nywele kama bibi harusi. Samiha anaita, mama, mama, unaniona? Nakuona mwanangu. Nakuona. Akasema nami nakuona, mama, na watu wote hao! Kisha akauliza mbona mama mkwe yuko juu ya kigoda na sufuria. Nikasema ananisaidia kupika.

Jina likatajwa. Naandika ukweli: nilikuwa nangoja langu. Na Saleha alikuwa anangoja lake, maana nilimwona anajiweka sawa mtandio. Nuswaiba! Hatuna Nuswaiba kwetu wala wao hawana kwao. Tukatazamana. Yeye akaanza kucheka, nami nikamfuata, mwisho tukashikana tunalia, na ile sufuria katikati yetu.

Alhamdulillah kwa mtoto. Alhamdulillah kwa Yudith. Alhamdulillah kwa urefu wa Saleha.

Aliyekosa ni mmoja tu, mama yangu mzazi. Yuko kijijini Moa, miguu haimbebi tena. Jioni kaniuliza kwa simu mtoto kafanana na nani. Nimeshindwa kumweleza.

Jumamosi, 9 Agosti

Jana nzima nilimfikiria mama. Leo nimeamka na akili.

Kwa mama hakuna ruta, hakuna waya wala nguzo. Lakini shida iko wapi? Kisahani si ninacho? Kimekaa pale tangu Jumanne kinajazwa kwa waya, mchana na usiku! Nimepanda meza nikakifungua kwa kisu cha vitunguu. Waya umekuwa mgumu kutoka, nimeukata kwa mkasi.

Na sirudii kosa. Sufuria hapana, chuma ni adui, hilo nimejifunza vizuri. Nimekitia kwenye ndoo ya plastiki na kubana mfuniko usije mtandao ukamwagika njiani. Baba Samiha hajui, yuko sebuleni na mtandao wake wa mbele. Acha nimfurahishe mama kwanza, nitamwambia tukirudi.

Nimempigia Saleha. Kasema akili kubwa hiyo, mkwe mwenzangu, na kaja na gari lake kunichukua. Nashukuru kupata mtu wa kunielewa. Yuko mlangoni sasa hivi, kaipakata ndoo kama mtoto mchanga na kaishaisomea mashallah. Ila anauliza mbona nyepesi.

Nimemwambia Alhamisi tulikuwa wengi, tumeutumia sana. Uliobaki kwa mama mmoja unatosha.