Rili Moja ya Samaki Wote

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Zimebaki siku kumi na mbili. Nimehesabu mara tatu kwenye kalenda.

Talaka nilimpa Zuena tarehe 20 Juni. Moja tu, kwa mwandiko safi, nakala nimebaki nayo. Eda ni miezi mitatu. Kwa hiyo mpaka tarehe 20 mwezi huu naweza kumrejea kwa maneno machache mbele ya mashahidi. Bila posa, bila mahari, bila kumbembeleza mtu. Baada ya hapo ni ndoa mpya, na mpaka akubali mwenyewe.

Ningeweza kwenda kwao, kisiwani Chole, leo hii. Siendi mikono mitupu! Alisema mbele ya jirani yetu Kombo kwamba katika miaka minne sijatia chunguni hata samaki mmoja niliyemvua mwenyewe. Ndiyo maneno yaliyoleta talaka. Nitakwenda na samaki. Mkubwa.

Kuvua chomboni siwezi, hutapika kabla hakijaondoka. Nitavua ukingoni, kwa fimbo. Inahitajika rili, kile kipipa chenye mkono wa kuzungusha kinachokaa juu ya fimbo na kukunja mshipi. Moja tu, iweze kazi zote: tasi wadogo wa mikokoni na kolekole wakubwa wa miambani. Nimechora jedwali.

Jumanne, 9 Septemba

Kilindoni, dukani kwa Ilyas. Anazo tatu. Nimezikagua saa tatu nzima: breki, meno, uzito, urefu wa mshipi unaoingia, kustahimili chumvi. Ya kwanza hurusha chambo chepesi, lakini kolekole ataing'oa. Ya pili inaweza kuvuta ng'ombe, ila chambo cha dagaa mmoja haikifikishi popote. Ya tatu ya kati na kati. Alama 41 kwa 50.

Nikamwomba Ilyas niilaze kwenye maji ya chumvi siku mbili, kisha niamue. Akasema hili ni duka, si maabara. Akauliza kama nimewahi kuvua. Swali la dharau. Nimeondoka bila kununua, ili ajifunze.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimerudi. Ilyas hajajifunza. Nimenunua ya tatu.

Fedha zimetoka kwenye kamba za mwani za Zuena. Biubwa, mlimaji mwenzake, amezinunua zote, ila aliniuliza mara mbili kama mwenyewe anajua. Nikamjibu kwamba mke wa mvuvi hana haja ya kushinda majini akifunga mwani. Akanitazama sana.

Ijumaa, 12 Septemba

Baada ya sala, ukingoni mwa mkondo wa mikoko hapa Ndagoni. Rili hii ina sharti: kidole gumba kikae juu ya mshipi, na chambo kikigusa maji ukandamize. La sivyo kipipa kinaendelea kuzunguka na mshipi umeshasimama. Nililijua sharti. Nimesoma kikaratasi cha maelekezo mara nne. Tatizo, wakati wa kurusha nilikuwa nakisoma mara ya tano, na kidole gumba kilikuwa kimeshika kikaratasi.

Mshipi wote furushi! Nimefumua mpaka alasiri.

Kombo akaja na mshipi wake aliouzungushia chupa ya maji. Akarusha kwa mkono. Akavua changu watatu. Wakati wa kuondoka akaniuliza hiyo kofia ninayofuma ni ya kichwa cha nani.

Jumapili, 14 Septemba

Nimerusha mara sitini na mbili. Mafurushi kumi na tisa. Samaki hakuna.

Kombo amekuja nyumbani na changu wawili wakubwa. Akasema kaka Shaibu, wachukue, panda bodaboda mpaka Utende, vuka, kamrejee mkeo leo. Samaki hana jina mgongoni. Nikakataa. Akasema basi nenda bila samaki, ulimi si unao? Nikakataa pia. Anataka nirudishe mke kwa fadhila zake, kisha anitangaze kijiji kizima.

Wamebaki kwake. Harufu ya mchuzi imefika mpaka huku.

Jumatatu, 15 Septemba

Kolekole!!

Miambani, maji yakijaa. Fimbo ilipinda kama ukindu. Breki nilikuwa nimeilegeza kwa ajili ya tasi, ndivyo jedwali linavyoelekeza asubuhi. Mshipi ukakimbia. Nikaukandamiza kwa kidole gumba. Ngozi ikaenda na mshipi. Mita mia na hamsini zote zikatoka, na mwisho wake sikuwa nimeufunga kwenye kipipa. Kikaratasi hakikusema ufungwe.

Nimeongeza safu kwenye jedwali: “Fundo”.

Jumatano, 17 Septemba

Mshipi mpya. Nimefunga fundo. Nimepata tasi! Mmoja. Urefu wake ni kiganja, bila vidole. Lakini nimemvua mimi.

Nimemhifadhi kwenye jani la mgomba. Kesho Chole, siku mbili kabla ya muda. Kombo amekubali kuwa shahidi. Ameuliza mbona sikuondoka naye jana, au juzi, au Julai.

Alhamisi, 18 Septemba

Tulipokewa na Ukasha, kaka yake Zuena. Nikasimama, nikatangaza kwa sauti kwamba nimemrejea mke wangu. Ukasha akauliza, shemeji, mke yupi?

Akamwita Sheikh Abubakari. Sheikh akanieleza polepole, kama mtu anayeongea na mgonjwa. Mwanamke anayepata siku zake hahesabiwi eda kwa kalenda. Huhesabiwa tohara tatu, yaani vipindi vitatu vya usafi baina ya hedhi. Miezi mitatu ni ya waliokoma hedhi. Eda ya Zuena ilikwisha mwishoni mwa Agosti. Nikatoa shajara hii nimwonyeshe hesabu yangu. Hakuipokea.

Zuena akasema kutoka nyuma ya pazia. Hakulia. Alisema yeye alikuwa akihesabu sawasawa. Wiki ile ya mwisho alishinda pwani kila siku, kila mashua ikifika anawatazama abiria usoni, mmoja mmoja. Alisema angenipokea hata ningekuja na matope miguuni tu. Kisha akauliza kamba zake za mwani zi wapi.

Tasi alikuwa ameshaanza kunuka.

Kombo hakunitania njia nzima. Afadhali angenitania.

Ijumaa, 19 Septemba

Ukasha amepiga simu. Zuena yuko tayari kunisikiliza. Nilete posa Jumapili asubuhi, na wazee wawili, nisichelewe hata kidogo, kwa sababu alasiri yake anakuja fundi mashua wa Utende, mgane, na posa yake. Zuena amesema atamsikiliza kwanza atakayetangulia.

Kombo amefurahi kuliko mimi. Amekwishapata wazee, na kanzu amevaa kuijaribu. Ameniapisha nisitaje samaki.

Nimekaa nikafikiri kwa utaratibu. Kosa liko wapi? Kosa ni rili. Nilikwenda na tasi kwa sababu rili ilikuwa ya tasi. Kwa posa inatakiwa ile ya pili, yenye kuvuta ng'ombe. Nimempigia Ilyas. Ya mwisho ameiuza, nyingine inaingia Jumanne.

Nimemwomba Kombo awaarifu Chole kwamba nitafika Jumatano. Amevua kanzu, ameikunja, ameondoka.

Ana haraka. Zuena ananijua. Amenisubiri miezi mitatu, siku tatu si kitu kwake.