Sindano Yangu na Sindano ya Gideon

Jumatatu, 3 Machi 2025
Kliniki ya kisukari, Ihanda. Nimepanda mzani: kilo mia moja na nne. Nyuma yangu akapanda Gideon, mpinzani wangu wa uenyekiti katika chama chetu cha kahawa. Themanini na moja! Mwaka jana tulilingana. Akina mama kwenye benchi wakasema amerudia ujana. Mimi wakanipisha nikae. Uchaguzi ni Jumamosi. Siri nimeipata: binti yake anamletea sindano mpya kutoka Dar. Anachoma mara moja kwa wiki. Mimi na insulini yangu, asubuhi na jioni, mara kumi na nne. Nikinyamaza, chama kitaongozwa na kiuno.

Jumanne, 4 Machi
Utafiti. Nimekwenda kwa Gideon kwa kisingizio cha kuazima panga. Nikamhoji kwa ujanja, akajibu yote bila ujanja. Sindano yake inakaa kwenye friji. Yangu inakaa kwenye chungu cha maji, jikoni. Yake ilimtia kichefuchefu miezi miwili ya mwanzo. Yangu haijawahi kunitia kitu ila njaa. Siku hizi akila ndizi mbili ameshiba, sahani anaisukuma. Nikamwomba tubadilishane wiki moja tu, kwa majaribio. Akakataa. Akasema dawa si panga. Mchoyo. Lakini jibu ninalo: kinachompunguza si sindano, ni ile sahani anayoisukuma. Hata mimi nina mikono.

Alhamisi, 6 Machi
Jaribio la kwanza. Nimeisukuma sahani. Baada ya robo saa nimeivuta. Mke wangu Renatha amenishauri nimuulize kwanza Avelina, muuguzi wa kliniki. Nimemjibu kwamba wauguzi wana kazi nyingi, si vizuri kuwasumbua kwa jambo ambalo mtu ameshalielewa.

Jumapili, 9 Machi
Jana sikuandika. Nilikuwa nimelazwa.
Asubuhi nilichoma dozi kamili. Sikula kitu. Suruali ya harusi ilifunga! Mkutano ulianza saa nne, zamu yangu ya kuhutubia ikafika saa sita na nusu. Nilianza vizuri, na bei ya kahawa. Kisha jasho. Mikono ikatetemeka. Naambiwa niliwashukuru wanachama kwa kufika msibani. Wakadhani nimelewa. Gideon peke yake alielewa. Alinidaka kabla sijaanguka, akaninywesha soda, akanipakia kwenye bodaboda katikati yake na dereva. Sifa nyingine ya kukonda kwake: tulienea.
Avelina hakunigombeza. Alieleza polepole kwamba insulini inashusha sukari niwe nimekula au sijala. Ile ya Gideon inamshibisha, na sukari ikishakuwa chini, yenyewe hupunguza kasi. Ni dawa mbili zenye kazi mbili, na hazipimwi kwa kuhesabu siku. Akaniagiza nile kwa wakati, na nitembee na pipi mfukoni, kwa siku nitakayoanza kutetemeka.
Renatha alikaa kando ya kitanda mpaka muuguzi alipotoka.
"Elpidius," akasema, "ungekufa jana, ningewaambia watu umekufa kwa wivu."
Kisha akalia. Miaka ishirini na sita ya ndoa, sikujua nitazame wapi. Nikamshika mkono.
Gideon ameshinda. Kura mia moja na kumi na mbili kwa tisa. Hao tisa walinipigia baada ya kuiona hotuba yangu. Hilo ni jambo la kutia moyo.

Jumanne, 11 Machi
Nimepona. Nimekwenda kumshukuru Gideon. Nimemwita mwenyekiti, na neno limetoka, ingawa kwa shida. Nimetafakari yote kwa utulivu. Mpango ulikuwa mzuri, ila zamu yangu ilichelewa.
Nimeshika agizo la muuguzi. Nimenunua pipi, mifuko yangu yote minne imejaa. Alisema ningoje mpaka nitetemeke, lakini mtu makini hangoji. Tangu asubuhi nimekula kumi na moja, kwa tahadhari. Sijatetemeka hata mara moja! Haihitaji friji, haihitaji chungu, haina kichefuchefu. Kesho nitampelekea Gideon nusu. Maskini, yeye bado anajichoma.