Mwanangu Halishwi Jukwaani

Saint-Gilles, Jumatatu

Kwa Papa Guylain Mbombo,
Mkurugenzi wa Tamthilia,

Salamu kwanza, maana hasira si ruhusa ya kukosa adabu. Mimi ni Maman Kasoki, msusi wa Galerie d'Ixelles, mama mzazi wa Cédric, anayecheza yule mtoto Gilbert katika tamthilia yako kuhusu shule ya bweni ya Uingereza. Ndiye mimi niliyetolewa ukumbini Ijumaa iliyopita, na sufuria yangu ikabaki. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu wewe ni mtu wa Likasi, utanielewa, na kwa sababu kwa Kifaransa ningetukana.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Chakula. Mwanzoni kabisa wanafunzi kumi na wawili wanaketi mezani, wanamshukuru Mungu kwa Kilatini dakika nzima, kisha wanachota hewa kwa vijiko. Nilikaa safu ya mbele, nikaona mabakuli matupu. Kushukuru kwa bakuli tupu ni kumtania Mungu. Mwanangu alitoka nyumbani bila kula, eti ana woga. Papa, umemlisha hewa maonyesho manne.

2. Siku ya kutembelewa. Nilisoma bweni kwa masista wa Butembo. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi wazazi walikuja, na hakuna aliyekuja mikono mitupu. Gilbert wako anakaa bwenini miaka mitatu na haji hata shangazi na karanga. Nilimuuliza Mwingereza mmoja ninayemsuka, akaniambia ndivyo ilivyo kwao, tena wazazi wanalipa. Nilimsuka upya upande mzima kwa mshangao. Mtu alipe ili asimwone mwanawe?

3. Kutolewa kwangu. Sehemu ya pili Gilbert anaamka, anasema ana njaa na mama yake hajaja. Anasema mara tatu. Mara ya kwanza nilivumilia. Mara ya pili niligeuka nyuma, nikidhani mama huyo yumo ukumbini amesinzia. Mara ya tatu nilipanda jukwaani na sufuria ya fufu, sombe ya majani ya muhogo na makayabu, samaki wetu wa chumvi. Nani angekaa? Niliwagawia na wenzake, kwa sababu ukimlisha mmoja mbele ya bweni zima unamtafutia maadui. Onésime, kijana anayecheza mwonevu, aliomba aongezewe, na tangu hapo hakuweza tena kumwonea mtu. Watazamaji walipiga makofi zaidi kuliko walivyompigia mwalimu mkuu. Ndipo mlinzi akanishika mkono, kwa upole, lakini alinishika.

4. Jina langu. Mama wa Gilbert haonekani kabisa, ni sauti tu kwenye simu inayosema ana shughuli. Sasa mtaa mzima wa Chaussée de Wavre unaniita mama wa Gilbert. Maman Larissa, mteja wangu wa miaka mingi, alikaa kwenye kiti changu akaanza kuomba kwa sauti kwamba Bwana anipe moyo wa uzazi. Nusu ya kichwa chake ilikuwa bado haijasukwa, sikuwa na pa kukimbilia.

Kwa hiyo naomba siku ya kutembelewa iongezwe kwenye sehemu ya pili. Mama wa Gilbert aje mwenyewe, na kama hakuna mwigizaji, mimi nina nafasi Ijumaa na Jumamosi. Shule ipewe mpishi. Mwalimu mkuu aje kanisani kwetu Jumapili akiwa na lile joho lake, aombe radhi mbele ya akina mama. Na Waingereza wakikataa, ihamishe shule nzima Butembo; masista watawapokea wote kumi na wawili, hata mwonevu.

Halafu kuna hili, nalo ndilo linaloniuma. Umenipiga marufuku hadi onyesho la mwisho, la Jumamosi, lipite. Cédric ana miaka kumi na tisa, na hii ni mara yake ya kwanza kusimama mbele ya watu. Mimi mama yake sijamwona akimaliza. Sijui Gilbert anarudi nyumbani au la, na kila nikimuuliza ananijibu nije nione.

Nisalimie mke wako, wanafunzi wote, yule anayewasha taa, na mlinzi pia, kwani alifanya kazi yake. Onésime mwambie sombe bado ipo.

Ni mimi, kwa heshima na kwa uchungu,

Maman Kasoki

Nyongeza: Nilimpa Cédric barua hii aisome kabla sijaituma, anisahihishie makosa. Hakusahihisha kitu. Aliikunja, akaniambia: «Maman, ile fasi ya kusema njaa na mama hajaja, mimi sichezake. Ninakumbukaka tu Butembo, vile nilikuwa nakungojea.»

Papa Guylain, nilipokimbilia huku Ulaya nilimwacha kwa dada yangu akiwa na miaka mitatu. Karatasi za kumleta zilichukua miaka sita. Miaka yote hiyo alinisikia kwenye simu tu, na mara nyingi nilimwambia nina kazi. Sijawahi kumuuliza alikuwa akikaa vipi.

Basi usibadilishe neno hata moja. Malalamiko yote nimeyafuta. Naomba kiti tu Jumamosi, popote, nitakaa kimya. Na ukikataa nitakuelewa. Nitamngoja nje mpaka atoke.