Jinsi Nilivyowapandisha Nyati kwa Kuwanyima Kura

Jumapili, 10 Novemba 2019
Nyati wetu, timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo cha Harlan Prairie, wameshinda tena. Mechi tisa, ushindi tisa! Kila Jumapili waandishi wa michezo sitini na wawili tunapiga kura kupanga vyuo ishirini na tano bora nchini, na chuo chetu hakijawahi kuingia tangu enzi za helmeti za ngozi. Mji mzima ulijua mimi, Orville Tunstall wa gazeti la hapa, nitawaweka. Sikuwaweka! Kijana akisifiwa hubweteka, akidharauliwa hukimbia. Mbinu ya kiwango cha juu. Hakuna atakayejua.

Jumatatu, 11 Novemba
Wamejua. Nilisahau kwamba kura zetu hutangazwa mtandaoni, tena kwa majina. Lyle Betzold wa redio kaisoma yangu hewani mara mbili, ya pili polepole. Mke wangu Verna aliuliza kama nimerogwa au nimezeeka tu. Mgahawani mhudumu Dot aliniambia pai ya tufaha imekwisha, na pai naiona ile pale! Lakini Kocha Haskew kaibandika kura yangu kwenye mlango wa chumba cha kubadilishia nguo. Ha! Ndicho nilichotaka.

Jumamosi, 16 Novemba
52 kwa 3! Kila wakipata pointi, wachezaji walininyooshea vidole kibandani mwa waandishi. Nahodha Tavita Leota, kilo mia na arobaini bila helmeti, alinguruma kwamba hizo ni za yule babu kipara. Mimi huyo! Nilikaribia kulia kwa furaha. Lyle akatangaza kwamba wameshinda kwa upendo. Upendo! Upendo umemwangusha nani uwanjani?

Jumapili, 17 Novemba
Nimewanyima tena. Wako wa ishirini na tisa. Wiki jana walikuwa wa thelathini na nne. Nani kawapandisha kama si mimi? Verna kahamia kwa dada yake. Kaondoka na birika la kahawa.

Jumamosi, 30 Novemba
Mechi kumi na mbili, ushindi kumi na mbili! Kocha Haskew alipanda ngazi zote hadi kibandani, na goti lake lile bovu. Akasema hasira imewasaidia vijana, asante sana, sasa basi. Kesho ndiyo kura ya kufunga msimu. Leota na wenzake wanamaliza chuo, wengi hawatavaa helmeti tena. Akanisihi: Orville, ndugu yangu, hata nafasi ya mwisho. Alinigusa, siwezi kudanganya.

Jumapili, 1 Desemba
Nimefikiri mpaka mayai yakapoa. Bado kuna mechi ya ziada ya Krismasi! Wakishiba sifa leo, wamekwisha. Na wenzangu sitini na mmoja watawaweka tu, hapana shaka. Nafasi yangu ya ishirini na tano, yenye pointi moja, nimewapa Port Ansel.

Jioni. Wa ishirini na tano: Port Ansel, pointi 88. Wa ishirini na sita: sisi, pointi 87. Nimehesabu mara nne. Inatoka vilevile.

Jumatatu, 2 Desemba
Leota kaja ofisini, kajaa mlango mzima. Hakufoka. Aliuliza tu: kwa nini, mzee? Baba yake alishanunua fremu ya kuweka ukurasa wa gazeti wenye ile orodha. Nikamweleza mbinu yote. Akasema wangeshinda tu, hata bila mimi. Kisha akalia, jitu zima lile. Nilimpa leso.

Saa nane chama cha wapiga kura kikapiga simu. Nimevuliwa kura, moja kwa moja. Nilipiga meza, nikatukana. Halafu nikaelewa. Wajanja hawa! Wameona kipaji, wananidharau makusudi ili nirudi mkali. Msimu ujao watanikoma!