Vita vya Kavugho na Kadi Mia Nne na Kumi na Mbili

Kaeni kitako, enyi wa Mulago mnaonukia dawa, enyi wa Nsambya mnaoamshwa na king'ora cha gari moshi, nanyi wa Naguru mliozoea kusikia mambo na kujifanya hamkuyasikia. Zimeni redio, acheni maharagwe yachemke yenyewe, kwa maana leo sisimulii vita vya mkuki wala vya kifaru, bali vita vilivyovipita hivyo vyote: jinsi Kavugho binti wa mji wa Butembo, Kavugho wa Vidole Kumi Visivyochoka, alivyopanga upya maelezo ya programu ambayo hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuisikia. Anayetaka kucheka atoke nje acheke huko. Mimi Zéphyrin, tarishi wa ofisi ile, mbeba mafaili na mmimina chai, nilikuwapo tangu mwanzo hadi mwisho, na atakayesema kwamba naongeza chumvi ajue kuwa mwaka ule hata chumvi yenyewe haikupatikana madukani.

Ulikuwa mwaka wa sabini na tano. Serikali ilikuwa na kompyuta mbili, kila moja kubwa kama chumba na sebule, zikikaa katika jumba lenye pangaboi sita na mlinzi mmoja mwenye bunduki. Ile kongwe tuliiita Bibi, ile mpya tukaiita Bwana Mdogo. Amri za kompyuta hizo zilitobolewa kwenye kadi ngumu za karatasi, kadi moja amri moja, matundu kwa matundu, na programu nzima ilikuwa droo ndefu iliyojaa kadi. Sasa, programu ikianguka katikati ya kazi, aliitwa programu mwingine, jina lake Mkaguzi, naye kazi yake ilikuwa kulifungua tumbo la mashine na kutuonyesha palipooza. Lakini matumbo hayafanani. Bibi alishika hesabu zake katika vikapu vinane, Bwana Mdogo katika vikapu kumi na sita, kwa hiyo Mkaguzi alikuwa na droo mbili, moja kwa kila mashine.

Na ndani ya droo hizo, baina ya kadi za amri, zilikaa kadi za maelezo. Kadi ya maelezo haimwamrishi mtu. Mashine ikiikuta huipita tu, kama waziri anavyompita tarishi koridoni. Imewekwa kwa ajili ya binadamu atakayekuja kesho, ajue mwenzake wa jana alikuwa anafikiri nini. Nyingi ziliandikwa na Bwana Pinto, Mgoa mpole mwenye suruali ya mikunjo, ambaye mwaka wa sabini na mbili, alipopewa siku tisini aondoke nchini pamoja na Wahindi wenzake wote, alizitumia siku hizo kuandaa droo ya Bwana Mdogo. Mtu anayefukuzwa ana haraka. Alichukua maelezo ya Bibi, akayanakili kama yalivyo katika droo ya Bwana Mdogo, na tangu siku hiyo maelezo yale yakawa yanaapa kwamba kikapu cha nane ndicho cha mwisho, ilhali nyuma yake vimesimama vingine vinane vinashangaa. Simlaumu. Ningekuwa mimi ningeondoka na droo yenyewe.

Basi ndipo tulipoletewa mkuu mpya, Kapteni Wahabi, Mwenye Buti Zinazomtangulia. Kabla ya kuwa mkuu wa kompyuta alikuwa mkuu wa magari ya kikosi, na inasemekana huko alifanya vizuri sana mpaka magari yakaisha. Siku ya Jumatatu alipita ukaguzi. Akavuta droo, akachomoa kadi, akamuuliza Ogwal, mtunza kadi wetu, kadi ile inafanya kazi gani. Ogwal ni mtu wa kabila la Lango, mkweli kupita kiasi, na ukweli katika miaka ile ulikuwa ugonjwa wa hatari. Akamjibu kwamba ile ni ya maelezo, mashine haiisomi. Kapteni akauliza ziko ngapi za namna hiyo. Ogwal, badala ya kukohoa, akasema mia nne na kumi na mbili.

Hapo Kapteni Wahabi akajikweza juu ya visigino vyake, akatuhutubia sisi watu wanne, mlinzi akiwamo, kana kwamba tumejaa uwanja.

"Mimi askari. Jeshini kila mtu iko na kazi. Hii kadi nakula droo ya serikali, nakula stima ya serikali, kazi hapana fanya. Mtu nakula na hapana fanya kazi, sisi naita nani? Naita adui. Ijumaa mimi narudi. Mimi nakuta hata moja, wewe Ogwal nakwenda eleza huko mbele."

Akatoa daftari dogo jeusi mfukoni mwa kifua, akaandika jina la Ogwal, akalipigia mstari chini. Sina haja ya kuwaeleza ninyi maana yake. Waliotangulia kuandikwa mle, wengine vilionekana viatu vyao tu. Ogwal alikaa juu ya sanduku la karatasi, mikono juu ya magoti, akaniomba nikitokea Nsambya nisimwambie chochote mkewe Akot, maana alikuwa na mimba ya miezi minane.

Mtasema, si zitupwe tu? Hata Ogwal alisema hivyo. Alikwisha kuleta gunia. Lakini Kavugho, mtoboaji wetu wa kadi, mwanamke mfupi wa miaka thelathini na mmoja aliyevuka mpaka kwa miguu akiikimbia vita ya kwao na kwa hiyo hakutishwa na gunia, akamshika mkono. Akamweleza kwamba Bwana Pinto hayupo, na wengine wote waliomjua Mkaguzi hawapo. Yakitupwa maelezo, siku Mkaguzi mwenyewe atakapoanguka hakuna atakayejua pa kumshika, na siku hiyo Ogwal ataandikwa tena daftarini, safari hii kwa kosa la kuvunja mashine. Akiziacha kadi anakufa Ijumaa, akizitupa anakufa baadaye kidogo. Ogwal akauliza, basi afanye nini, apae?

Kavugho akainua kadi moja ya amri juu, akanena maneno ambayo mimi ningeyachonga kwenye jiwe kama jiwe lingekuwapo:

"Mzee Ogwal, tazama. Kadi iko na nafasi themanini. Amri inakula mkono wa kushoto tu. Mkono wa kuume ni pori, mashine haitembei huko, hata ukiandika matusi haioni. Maelezo yote tutayahamisha, tutayatoboa humo humo kwenye kadi za amri. Kila kadi itafanya kazi, na kila kadi itabeba maelezo yake mgongoni. Akija, hakuna kadi ya bure hata moja. Leta chai."

Nikaleta chai, bila sukari, kwa sababu mnazozijua.

Sasa sikilizeni vita. Siku zilikuwa tatu, Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Adui walikuwa mia nne na kumi na wawili. Silaha ilikuwa mashine moja ya kutoboa, chuma cha kijivu kilichokuwa kikinguruma na kung'ata, ambacho utepe wake wa wino ulikuwa umekwisha tangu Krismasi, hata kadi zikawa zinatoka na matundu matupu bila herufi juu yake. Na uwanja ulikuwa finyu: mkono wa kuume wa kadi ulibeba herufi thelathini na mbili, basi. Tena ilibidi zile kadi zenyewe za amri, zilizo hai, zirudishwe mdomoni mwa chuma kile. Kosa moja, na amri nzima imeharibika, itobolewe upya kwenye kadi tupu. Nilitumwa stoo nikahesabu kadi tupu zilizobaki nchini, kwa maana zetu ndizo zilikuwa za nchi. Zilikuwa kumi na nane.

Jumanne Kavugho aliingia vitani na droo ya Bibi. Lo, mngemwona. Pale Bwana Pinto alipoandika kwa adabu ya kanisani kwamba hapa tunapaswa kutazama, kwa uangalifu wote unaostahili, iwapo kikapu cha tano kimekwisha kujaa au la, Kavugho alikata kichwa na mkia, akabakiza kikapu cha tano kimejaa, na alama ya kuuliza. Alichinja dibaji, aliteka viambatisho, alizifukuza samahani na tafadhali hadi ukingoni mwa kadi na nje yake. Ogwal alimsomea, yeye akatoboa. Saa nne stima ikakatika chuma kikiwa katikati ya kadi, tukapoteza moja. Saa tisa ikakatika tena, tukapoteza mbili. Kufikia kuondoka kwetu adui mia na arobaini walikuwa wamelala, na kadi tupu zilikuwa kumi na tano.

Jumatano aliivamia droo ya Bwana Mdogo, makao makuu ya uongo. Hapo haikutosha kuhamisha, ilibidi kurekebisha. Kila mahali maelezo yaliposema vikapu vinane, ilimpasa atazame amri yenyewe inafanya nini kweli, kisha aandike ukweli, na nawaambieni, kuandika ukweli katika ofisi ya serikali mwaka ule kulitaka mazoezi. Alikosea mara saba. Ogwal, kwa hofu, akawa anasoma mstari mmoja mara mbili, na Kavugho, badala ya kumbembeleza, akamkemea kama mama mkwe: kama anataka kufa afe Ijumaa kama alivyopangiwa, asije akafia juu ya kadi zake. Nilimpenda sana siku ile. Nasema wazi, mke wangu anajua.

Alhamisi adhuhuri kadi tupu ya mwisho iliisha, na maelezo yaliyosalia yalikuwa ishirini na mbili. Kuanzia hapo hakukuwa na ruhusa ya kukosea. Mlinzi mwenye bunduki aliingia kuomba kiberiti, akaona nyuso zetu, akatoka kwa ncha za vidole.

Ya mwisho kabisa ilikuwa kadi ya Olanya. Olanya alikuwa kijana wa Gulu, fundi wa programu, ambaye mwaka wa sabini na tatu alitoka kwenda kula mchana akaacha koti lake kwenye kiti. Koti lilikaa pale miezi miwili, kisha mtu akalichukua. Katika droo nzima, maelezo yake peke yake ndiyo yaliyoandikwa kwa Kiswahili, ili hata mlinzi aelewe. Yalisema: usiguse kadi hii, ukiigusa Bibi atanyamaza, mimi nimekwisha kujaribu, ni mimi Olanya.

Ogwal akamwomba Kavugho aliondoe jina. Akasema nafasi haitoshi, na hata ikitosha, jina lile si la kubeba. Kavugho alihesabu kwa vidole juu ya meza, akahesabu tena, kisha akamwambia, "Nafasi inatosha, mzee." Akatoboa: USIGUSE. BIBI ATANYAMAZA. OLANYA. Herufi thelathini na mbili pamoja na nukta zake mbili na nafasi, hesabuni wenyewe kama hamniamini. Hakukosea. Ogwal alilia, na mimi nikaenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Ijumaa saa tatu Kapteni Wahabi akawasili, buti zikitangulia, nyuma yake koplo na nyuma ya koplo gari ambalo injini yake haikuzimwa. Akaamuru mashine yenyewe iseme. Tukamlisha Bibi droo yake, tukamlisha Bwana Mdogo ya kwake, na kila mmoja akachapa mwishoni mwa karatasi idadi ya kadi za maelezo. Sifuri. Na sifuri. Kapteni aliitazama sifuri kama mtu aliyealikwa karamuni akakuta sahani imegeuzwa. Hakuridhika. Akatia mkono katika droo ya Bibi, akavuta kadi, na naapa kwa jina la marehemu mama yangu, akavuta ya Olanya. Akaiinua dirishani, akatazama jua kupitia matundu yake.

"Hii nafanya kazi?" akauliza.

Ogwal mkweli, Ogwal asiyejua kukohoa, akamtazama machoni. "Inafanya, afande. Hiyo inafanya kuliko zote."

Kapteni akairudisha. Kisha akauliza wale maadui wenyewe wako wapi, na Kavugho akamsogezea gunia. Ndipo uso wa Kapteni ulipochangamka, maana alichokuwa anakosa ni maiti. Gunia likapelekwa uani, koplo akasimamisha askari sita mkao wa mguu sawa, petroli ikamiminwa, ambayo gari la wagonjwa la Mulago lisingeipata kwa dua, na kadi mia nne na kumi na mbili zikachomwa kwa heshima zote za kijeshi. Taarifa iliyokwenda juu niliibeba mimi mwenyewe, na bahasha haikuwa imegundishwa vizuri. Ilisema wahujumu mia nne na kumi na wawili wamegunduliwa ndani ya mashine za serikali na kuangamizwa bila hasara upande wetu. Baada ya mwezi alikuwa Meja.

Na mashine? Jumamosi asubuhi Bibi na Bwana Mdogo walifanya yale yale waliyoyafanya Jumamosi iliyopita, bila tofauti ya tundu moja. Hawakujua kwamba kumepiganwa. Kavugho alipewa onyo la maandishi kwa kutumia kadi tupu kumi na nane bila kibali. Basi ziandikwe siku hizo tatu, enyi wasikilizaji, zipigiwe ngoma, watoto wakaririshwe shuleni mahali pa zile tarehe za mapinduzi, kwa maana pale uani, moshi ukiwa bado unapanda, Kapteni Wahabi alitoa daftari lake, akalifungua, akalikata jina la Ogwal kwa kalamu. Majina mengine ya daftari lile nayo yalikatwa mwaka ule, karibu yote. Hilo ndilo pekee lililokatwa mwenye jina akiwa amesimama pembeni anatazama, na jioni akapanda basi kwenda Nsambya, kwa Akot.