Shujaa wa Kike Aliyepitishwa na Kamati

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, nafasi ambayo leo, kutokana na mgeni mwenyewe kutotokea, naishikilia mimi, Ndugu Naibu wangu, uliyekaa kwenye kiti chenye mto, Wajumbe wa Kamati ya Kitaalamu ya Kumwinua Mwanamke katika Sinema, hebu simameni wananchi wawaone (wanaume wa safu ya mbele wanasimama, mmoja anaamshwa), ahsanteni, kaeni, viongozi wa meza kuu, viongozi wa meza ndogo, na viongozi mliokosa meza, mabibi na mabwana, kina mama, kina dada, kina shangazi, binti yangu mpendwa wa safu ya pili, toa miguu kwenye kiti cha mwenzio, itifaki imezingatiwa, na aliyesahaulika ajihesabu ametajwa. (Makofi ya wastani.)

Nasimama mbele yenu nikiwa na furaha isiyo na kifani, katika ukumbi huu wenye feni mbili, moja ikiwa inafanya kazi na nyingine ikiiunga mkono, kuizindua rasmi filamu ya kwanza ya shujaa wa kike kuwahi kusimamiwa na idara yangu. Najua wengine mmefika tangu asubuhi. Najua mmekiona kile kitambaa cheupe kilichotandazwa ukutani na mnakitazama kuliko mnavyonitazama mimi. Subira, ndugu zangu. Ngoja kwanza niwaeleze jambo hili lilikotoka, maana mti usio na mizizi hauna kivuli.

Wazo lilizaliwa sebuleni kwangu. Tulikuwa tumekaa mimi, mama watoto na binti yetu huyu, tunaangalia sinema ya mashujaa wenye nguvu za ajabu, wale wanaoruka angani na kuikoa dunia kila mwisho wa wiki. Walikuwa sita: wanaume watano na mwanamke mmoja. Wanaume wamevaa vyuma kuanzia kidevuni hadi kwenye kidole gumba cha mguu. Yule mwanamke, ambaye anapigwa risasi zile zile na adui yule yule, alikuwa amevaa kitu ambacho mama watoto alisema yeye angekivaa labda bafuni, na mlango umefungwa kwa komeo. (Kicheko upande wa kina mama.)

Binti akaniuliza: “Baba, kwani risasi zinawaogopa wanawake?”

Nikamwambia anyamaze tuangalie.

“Na mbona tangu sinema ianze hajasema neno zaidi ya ‘Jihadharini’?”

Kabla sijatafuta jibu, mama yake akadakia: “Na kile kiatu je? Mimi kisigino kile kinanishinda kutoka mlangoni mpaka kwenye gari. Mwenzangu anaruka nacho maghorofa!”

Ndugu zangu, mwanamume wa kawaida angezima televisheni akaenda kulala. Mimi niliunda kamati. (Makofi kutoka kwa kamati.)

Kuna watu wenye midomo mirefu wamehoji kwa nini kamati ya kumwinua mwanamke haina mwanamke hata mmoja. Jibu ni la kitaalamu. Mtu hawezi kuinuliwa huku naye yuko miongoni mwa wanaoinua. Sasa atainuliwa na nani? (Sauti kutoka nyuma: “Tutajiinua wenyewe!”) Maoni yamepokelewa.

Kamati ilianza na semina elekezi, ikafuatiwa na kikao cha kuitathmini semina, na hatimaye ikafanyika semina ya kukielekeza kikao. Baada ya upembuzi yakinifu na majadiliano ya kina na wadau, au mastekiholda kama tunavyosema sisi wa ngazi za juu, tukapata rasimu ya shujaa wetu. Ana nguvu za kubeba treni, lakini chupa ya maji lazima afunguliwe na mumewe, ili amani ya nyumba isivurugike. Anaruka angani, ila kwa kuaga kwanza. Ana umri wa miaka ishirini na miwili na shahada mbili za udaktari. Hana mama wala mama mkwe, kwa kuwa ilionekana mama mkwe angeimaliza hadithi mapema. Na muda wote, hata akiwa chini ya jengo lililoanguka, anatabasamu.

Suala la vazi tulilikabidhi kwa fundi cherehani wa mtaa wa pili, yule bibi mwenye duka la pembeni. Yuko hapa. (Bibi anapunga mkono, vigelegele.) Tulimpelekea mchoro. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akauliza: “Huyu mtoto anaenda vitani au anaenda kuogelea?”

Naibu wangu akamjibu kwamba anaenda vitani.

“Basi kitambaa kilichobaki kiko wapi?”

Tukamweleza kuwa hakuna kilichobaki, hilo ndilo vazi lote. Bibi akaukunja ule mchoro, akamrudishia Naibu, akasema, “Mjukuu wangu, livae wewe kwanza.” (Kicheko kirefu. Naibu anatazama dari.) Nasi tukaandika: mdau ameonyesha utayari wa kushirikiana.

Ndipo tukaja kwenye usaili, ambao ulifanyika humu humu. Kina dada walijitokeza kwa wingi unaotia moyo. Waliobaki mwisho walikuwa wawili. Wa kwanza ni mpwa wa Naibu, binti mwembamba mwenye kipaji kilichothibitishwa na mjomba wake. Wa pili ni dada anayeendesha winchi kwenye majengo marefu, ambaye mafundi wenzake wanamwita Mama Winchi. (Ukumbi unalipuka: “Mama Winchi! Mama Winchi!”) Tulieni. Tulieni nimalize. Yeye kamati ilimpunguzia alama, kwa sababu ana mabega. Shujaa wa kike katika sinema, kwa mujibu wa fremuweki, yaani mwongozo wetu, awe na nguvu ambazo hazionekani mwilini.

Adui wetu alikuwa baunsa wa ukumbi wa muziki, mtu mwenye shingo kama gogo. Skripti ilisema shujaa akimwona adui apige kelele, azimie, azinduke akiwa na hasira, ndipo apigane. Mpwa wa Naibu alizimia vizuri sana. Akazimia tena, maana tulitaka kuona kutoka upande wa pili. Akazimia na mara nyingine, kisha akakaa kitako pale sakafuni akasema: “Mjomba, mimi nimechoka kuanguka. Na mimi nipeni hata ngumi moja.”

Zamu ya Mama Winchi ilipofika, akamtazama baunsa kuanzia juu hadi chini. “Kelele za nini? Si mtu mzima tu huyu?”

Tukamwambia basi azimie.

“Nizimie wapi, na sakafu yenyewe haijafagiliwa?”

Kamati ilikuwa ndiyo kwanza inajadili kauli hiyo, ambayo ilionekana kuwa na viashiria vya ukaidi, wakati fremu ya chuma iliyokuwa juu ya jukwaa, ile yenye taa na bango kubwa la picha yangu, ilipolegea upande mmoja ikaanza kushuka juu ya meza yetu.

Hapo, ndugu wananchi, nilionyesha uongozi. Niliongoza zoezi la kuondoka ukumbini, nikiwa mstari wa mbele kabisa, kama kiongozi anavyopaswa. (Kicheko.) Wajumbe walinifuata bila kuhoji. Aliyebaki ni Naibu. Tai yake ilinaswa kwenye droo ya meza, na kila alivyojivuta ndivyo ilivyomkaba, na chuma kinashuka. Nilimwona kupitia dirisha. Sitasema nilijisikiaje, maana hotuba hii imeidhinishwa bila kipengele hicho, lakini mimi na Naibu tumeanza kazi pamoja tukiwa vijana wa mafaili, na watoto wake wananiita baba mkubwa.

Mama Winchi alipita katikati ya viti kama mtu anayewahi maziwa yanayofurika jikoni. Akaingia chini ya ile fremu, akaipokea kwa mabega yake, yale yale tuliyoyakata alama, akapanua miguu, akasimama. Chuma kikalia. Yeye hakulia. Akamwambia mpwa: “Mdogo wangu, mkate tai, halafu mshike mjomba wako makwapani uvute. Usiniangalie mimi. Vuta!” Bibi fundi, aliyekuwa amekuja kutazama usaili, alikuwa na mkasi wake, akaikata ile tai kama uzi wa kitufe. Binti mwembamba, ambaye tulidhani upepo ungempeperusha, akamburuta mtu mzima na kitambi chake hadi mlangoni. Kisha kina dada waliokuwa wanasubiri usaili wakasukuma meza ndefu chini ya fremu, wakaweka na nyingine juu yake, na Mama Winchi akatoka pale anafuta vumbi. “Jamani,” akasema, “kuna mwenye maji ya kunywa?” Akapewa chupa. Akaifungua mwenyewe.

Baunsa, kwa taarifa yenu, alikuwa amezimia. (Kicheko kikubwa; mtu mwenye shingo nene anainamisha kichwa huku anacheka.)

Tukio hilo kamati ililijadili kwa uzito unaostahili. Baada ya mjadala tukakubaliana kwa kauli moja kwamba lisingefaa kuingizwa kwenye filamu, kwa kukosa uhalisia. (Miguno.) Badala yake tukapendekeza tukio la kubuni ambamo fremu inashikwa na mwanamume, na shujaa wetu anamfuta jasho. Nilimwita Mama Winchi ofisini nikamsomea uamuzi huo mwenyewe.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema: “Sawa, Mheshimiwa. Mlete huyo mwanamume, fremu tuipandishe, tuiangushe tena, tumwone.” (Vigelegele. Watu wanasimama.)

Kaeni, tafadhali. Niseme pia, kwa uwazi na uwajibikaji, kwamba uamuzi ule haukuwa wa kauli moja kabisa. Naibu wangu, akiwa bado na bandeji shingoni, alinyoosha mkono akasema, “Ndugu Mwenyekiti, aliyekuwa chini ya kile chuma ni mimi, na aliyenitoa si mwanamume.” Tukamshauri apumzike. (Naibu anasimama, anamwinamia Mama Winchi, anakaa. Makofi marefu yasiyokuwemo kwenye ratiba.)

Baada ya hapo mafanikio yalikuja kama mvua. Asilimia tisini na saba ya wajumbe wameridhishwa na kazi ya wajumbe. Idadi ya mashujaa wa kike katika idara yangu imepanda kwa asilimia mia moja, kutoka hakuna hadi mmoja anayetarajiwa. Maandalizi ya matayarisho yamekamilika, na matayarisho ya maandalizi yako hatua za mwisho. (Sauti ya mwanamke: “Tuonyesheni filamu!”) Inakuja, mama. Haraka haraka haina baraka. (Sauti ile ile: “Na polepole yenu ina nini?”) Mlinzi, muulize yule mama jina lake. Au basi, usimuulize, naona amekaa na ndugu zake wengi.

(Binti wa safu ya pili anasimama.) “Baba, naomba kuuliza.”

Hapa niite Mheshimiwa.

“Mheshimiwa Baba, hiyo filamu ilirekodiwa lini? Mama Winchi anasema hakuitwa. Dada huyu, mpwa wa Naibu, hakuitwa. Bibi hajakata hata kipande cha kitambaa. Sasa ndani yake yumo nani?”

Swali zuri sana. Swali zuri halijibiwi papo hapo. Linajibiwa kwa maandishi. Keti, mwanangu. (Binti hakai. Anamnong’oneza Mama Winchi. Mama Winchi anacheka, anamwita mpwa wa Naibu. Mpwa anamwita bibi fundi. Bibi anakivuta kile kitambaa cheupe ukutani, anakipima kwa mkono, anakikunja.) Bibi, hicho ni kitambaa cha serikali! (“Kitarudi kikiwa vazi, mjukuu wangu.”) Jamani, mnaenda wapi? Naona kina dada wanatoka. Naona baunsa anawabebea viti. Naibu, na wewe? Hiki ni kielelezo cha mwamko mkubwa wa wananchi, ambao wameshindwa kujizuia kwa furaha na wanaanza kuielekea filamu kabla hatujamaliza utaratibu. Basi nihitimishe kwa kaulimbiu zetu. Mwanamke! (Kamati: “Juu!”) Sinema! (Kamati, kwa sauti ya chini: “Juu!”) Utekelezaji! (Kimya. Mjumbe mmoja anachungulia dirishani, anatoka.)

Nawashukuru waandishi wa skripti, watakaoandika mara tu watakapoteuliwa. Naishukuru kamera, ambayo nia ya kuiazima ilikuwepo. Namshukuru mwongozaji, ambaye nafasi yake itatangazwa, na waigizaji wote, ambao wangefanya kazi nzuri. Na kwa niaba ya filamu yenyewe, ambayo imeshindwa kuwa nasi leo kwa sababu haikuwahi kutengenezwa, nasema ahsanteni sana kwa kunisikiliza. (Hakuna makofi. Ukumbini amebaki mlinzi.)

Ndugu Mlinzi, nashukuru kwa uvumilivu wako. (“Nasubiri kufunga mlango, Mheshimiwa.”)

Wanafanya nini huko uani?

(“Wanarekodi kwa simu ya binti yako. Mama Winchi yuko juu ya tangi la maji, ameshavaa. Kile kitambaa cheupe chote kimeisha, bibi kamfunika mpaka shingoni. Kapendeza!”)

Na kamati yangu?

(“Imepewa kazi ya kushika ngazi.”)

(Sauti ya binti kutoka uani, kubwa, yenye kicheko: “Baba! Njoo! Tumekosa mtu wa kuokolewa!”)

Hm. Ndugu Mlinzi, hebu nishikie hiki kipaza sauti. Na nitazame vizuri. Nikizimia, nizimie na koti au bila koti?