Kanda ya Fort Ternan, Oktoba 1978

Jumatatu, 2 Juni 2025

Kipyegon tena! Mtu wa aina gani huyu? Leo kwenye mkutano wa chama chetu cha sauti za treni (tuko watatu tu: yeye, mimi, na Mellen ambaye ni katibu) ameleta santuri ya mwaka wa 1961. Treni ya mvuke inapanda mlima kutoka Fort Ternan. Mimi nina kanda arobaini na tatu na hakuna hata moja ya kwetu. Treni za Scotland. Treni za India. Moja nilidhani ni ya Ujerumani, kumbe ni mashine ya kufua nguo.

Mellen akatangaza kwamba Dkt. Chepkemboi, mwalimu wa chuo kule Kabianga, anakuja Alhamisi kukamilisha katalogi ya sauti za reli. Rekodi bora ya reli yetu itakuwa Namba Moja, na picha ya mwenyewe ukurasa wa kwanza. Kipyegon akanyoosha kola.

Kinachoniuma ni hiki: treni hiyo niliisikia kwa masikio yangu nikiwa kijana. Nikifunga macho naisikia mpaka leo. Lakini nyumbani hatukuwa na redio kaseti. Hilo nalo ni kosa langu?

Jumanne, 3 Juni

Nimepata! Mke wangu Nyanchoka alikuwa anachemsha maharagwe kwa sufuria ya presha. Ikaanza: chuku, chuku, chuku, fiiii! Nikaacha kunyoa ndevu nusu uso. Hiyo ni Fort Ternan kabisa!

Nikatoa redio kaseti na kanda iliyochakaa. Mara ya kwanza, jogoo akaingilia. Mara ya pili, Nyanchoka akauliza kwa sauti ya kuita ng'ombe kwa nini nimeinamia maharagwe kama nayaombea. Mara ya tatu, safi. Nikasukuma wilbaro juu ya mabati ili tupate sauti ya magurudumu. Jirani yetu Quinter alichungulia, akaingia ndani, akafunga mlango.

Maharagwe yameungua. Tumekula ugali na chumvi. Nyanchoka ameniachia sufuria niisugue mwenyewe.

Jumatano, 4 Juni

Fomu ya katalogi. Mahali: Fort Ternan. Urefu: dakika nne. Aliyerekodi: mimi. Halafu tarehe na saa! Nani anauliza treni saa? Nikaandika 14 Oktoba 1978, saa nane mchana. Nimeisoma mara mbili. Ni tarehe ya mtu mkweli kabisa.

Alhamisi, 5 Juni

Tulikutana kwa Kipyegon. Santuri yake ikachezwa kwanza. Ina mikwaruzo mingi, nikatikisa kichwa kwa masikitiko. Kisha kanda yangu. Ushindi! Mzee Kipkurui, aliyefanya kazi kwenye treni hizo miaka mingi, akapangusa machozi na kusema injini hiyo anaijua, ilikuwa inavuja upande wa kushoto. Dkt. Chepkemboi akaomba kurudia. Akachukua penseli akaandika "Namba Moja". Nimeona kwa macho yangu!

Hapo Kipyegon akavaa miwani, akapekua kalenda kwenye simu yake. Akauliza kwa upole, hicho ndicho kinaniudhi zaidi, huo upole wake: Mzee wa kanisa, tarehe hiyo si ilikuwa Jumamosi?



Mimi ni mzee wa kanisa la Waadventista. Baba yangu naye alikuwa mzee wa kanisa. Siku ya Sabato, yaani Jumamosi, hakuturuhusu kuchuma hata jani moja la chai, sembuse kwenda Fort Ternan na mashine. Kericho nzima inajua. Na Mellen ni shemasi wetu! Akaweka kikombe chini. Nikasema labda jua lilikuwa limeshazama. Kipyegon akasoma fomu: saa nane mchana. Aliisoma kama tangazo la mazishi.

Sasa nitoroke wapi? Nikisema nilirekodi, nimevunja Sabato na kuficha miaka yote hiyo. Nikisema sikurekodi, kwaheri Namba Moja. Nikasema kichwa kinaniuma, nikatoka. Kofia nimeiacha huko.

Jumamosi, 7 Juni, jua limezama

Baraza la kanisa limeniita. Nikashikilia palepale: nilirekodi, nilikuwa kijana, nisamehewe. Ilikuwa inaenda vizuri. Wangeniombea tu na picha yangu ingebaki ukurasa wa kwanza. Lakini Mzee Mageto akaanza kumzungumzia marehemu baba yangu. Eti alikuwa mkali kwa watoto wa wenzake, kumbe wake anawaachia.

Baba yangu! Aliyetupeleka kanisani kwa miguu kwenye mvua! Nilisikia moto kifuani. Nikasimama nikapiga kelele: Ni maharagwe! Hakuna treni, ni maharagwe!

Nyanchoka, ambaye anawakilisha akina mama, akasema Amina.

Miezi mitatu sitapanda mimbarini. Namba Moja ni Kipyegon. Nkt!

Jumatatu, 9 Juni

Dkt. Chepkemboi amepiga simu. Alicheka, lakini si sana. Akauliza kama kweli niliwahi kuisikia treni hiyo. Nikasema ndiyo. Akasema basi nije nisimulie, sauti yangu itaingia kwenye katalogi kwa jina langu. Ukweli tu, alisema. Alisema mara tatu.

Nikaenda kwa Kipyegon, ndiko alikokuwa anamalizia katalogi. Nikafumba macho, nikaanza vizuri. Nilikuwa na miaka kumi na tano, nimebeba ndizi za mjomba. Treni ikapanda, ardhi ikatetemeka mpaka kifuani, nikalia bila kujua nalia nini. Dkt. akaacha kuandika, akasikiliza tu. Ukweli mtupu, na ulikuwa mtamu! Sikujua.

Halafu nikafumbua macho. Kipyegon amekaa pembeni, anatikisa kichwa polepole, macho yamelowa. Ananionea huruma. Kipyegon anihurumie mimi!

Nikasema dereva aliniona, akasimamisha treni, akaniita juu, akaniachia usukani mpaka Kipkelion.

Kipyegon akauliza, kwa upole, kama treni huwa na usukani.

Nikamwambia hiyo moja ilikuwa nao.